Vikaragosi vya Pura Belpré

Walimu wenzangu, wakutubi, na wazazi mliofika, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka lieleweke. Vikaragosi, yaani sanamu ndogo zinazochezeshwa kwa mkono jukwaani, si kitu cha kuwatuliza watoto wakati mgeni rasmi amechelewa. Ni kazi ya lugha, na anayeifanya anastahili mshahara, chumba na muda.

Shahidi wangu ni Pura Belpré. Alizaliwa Cidra, Puerto Rico, kisiwa cha Karibea kinachosema Kihispania, akaja New York mwaka 1920 kwa harusi ya dada yake, akabaki huko huko. Mwaka 1921 aliajiriwa katika maktaba ya umma ya mtaa wa 135, Harlem, akawa mtu wa kwanza kutoka Puerto Rico kufanya kazi ya ukutubi katika maktaba za umma za New York. Mengine ya ujana wake mtayasoma wenyewe. Mimi nataka tuzungumze habari za mende.

Ndiyo, mende! Bibi yake alikuwa akimsimulia kisa cha Martina, mende mrembo anayejipaka poda na kuketi barazani. Wachumba wanapita mmoja mmoja. Kila anayeposa, Martina anamuuliza: ukinioa, utazungumza nami vipi? Paka anatoa sauti yake, jogoo anawika, bata naye anajaribu bahati yake. Wote wanakataliwa. Kisha anakuja Pérez, panya mwenye adabu na sauti ya upole, na huyo ndiye anayekubaliwa. Sikukuu ya Krismasi Martina anapika wali mtamu wenye lozi; Pérez harufu inamshinda, anainama achukue lozi moja, anatumbukia chunguni. Mjane anabaki akiimba na kumlilia.

Kisa hiki Belpré alikichezesha kwa vikaragosi mbele ya watoto. Sasa mtazameni mtoto aliyeketi mbele ya jukwaa lake. Huyu ametoka Puerto Rico juzi, Kiingereza hajui. Jirani yake amezaliwa Harlem, Kihispania hajui. Jogoo akiwika mbele ya bibi harusi, wote wawili wanacheka papo hapo, kwa sababu wote wameona kwamba posa hii imeharibika. Hakuna aliyewafasiria. Neno la lugha ngeni likija baadaye, linakuta jambo limeshaeleweka, linakaa. Hilo ubao na chaki havilifanyi, nami nimefundisha kwa ubao na chaki miaka mingi. Na mtoto mwenye haya, yule asiyefungua mdomo darasani, mpe kikaragosi ajifiche nyuma ya pazia: atakuwa bata, atakuwa jogoo, atajibu swali la Martina kwa sentensi nzima.

Mtaniambia, "Mwalimu, kisa kiko kitabuni, kwa nini tusikisome tu?" Kiliingiaje kitabuni? Maktaba ilikuwa na sharti kwamba kisa kinachosimuliwa kwa watoto kiwe kimechapishwa, na rafuni hapakuwa na kisa hata kimoja cha Puerto Rico. Belpré alikiandika cha bibi yake akiwa masomoni, akapewa ruhusa ya kukisimulia kabla hakijachapishwa, na kitabu chenyewe kikatoka mwaka 1932. Sauti ilitangulia. Na hata baada ya kitabu kutoka aliendelea kusimulia, tena kwa vikaragosi, kwa kuwa alijua mama asiyesoma Kiingereza naye ataingia maktaba akisikia Martina anaongea Kihispania. Katika tawi la mtaa wa 115, alikohamishiwa mwaka 1929, aliwafuata wazazi mpaka kwenye mikutano ya vyama vyao, na Sikukuu ya Mamajusi ikaadhimishwa mle mle maktabani.

Kuna wanaosema watoto watachanganya lugha. Hoja hii imenichosha. Katikati ya miaka ya 1930, Chama cha Wafanyabiashara cha Jimbo la New York kilipeleka watu Harlem kuwapima akili watoto wa Puerto Rico, kikatoa ripoti kwamba wako nyuma ya wenzao. Watoto wa mitaa hiyo hiyo ndio waliokuwa wakifuata visa vya Belpré kwa lugha mbili! Aliyekosa kitu ni mtoto, au ni mpimaji? Nanyi mnaowavisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, mnapima kitu gani?

Naona naonyeshwa saa, basi nifupishe. Aliolewa na mwanamuziki Clarence Cameron White mwaka 1943, akaacha kazi. Mume alipofariki mwaka 1960 akarudi kuhudumia watoto wanaosema Kihispania. Alistaafu mwaka 1968, lakini akaitwa kwenye mradi wa maktaba wa South Bronx, mjini New York, na katika uzee ule akatengeneza vikaragosi na kuvipeleka kwa watoto mitaani. Alifariki Julai 1982. Tangu mwaka 1996 kuna tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina lake, kwa waandishi na wachoraji wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Nafurahi, ila wachezesha vikaragosi wamesahauliwa hata hapo.

Walimu wakuu mko hapa, nawaona safu ya pili. Naomba saa moja kwa wiki katika ratiba, ndani ya masomo, na bajeti ya kitambaa, gundi na mbao za jukwaa. Nani anaanza?