Darubini Ndogo ya Mwindaji wa Bata Mzinga: Mwanga Kwanza, Ukuzaji Baadaye

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Wengi wetu hapa Pennsylvania tunajiandaa kwa msimu wa bata mzinga wa majira ya kuchipua, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza ni darubini gani ndogo wanunue. Nitaanzia kwenye kazi yenyewe, kwa sababu mtu anayechagua darubini kabla ya kujua itamfaa nini porini huishia kununua namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Anayewinda katika tambarare za Wyoming humtafuta mnyama aliye mbali sana, na ana sababu ya kubeba darubini nzito inayokuza mara 10 au 12. Sisi tunakaa chini, mgongo umeegemea mwaloni, tunamwita ndege aje kwetu. Tena sheria ya hapa, katika msimu huu, hairuhusu kumnyatia. Bunduki ya marisau, kwa wengi wetu, ni ya kutumiwa ndani ya mita 35 hivi. Kwa hiyo ndege tunayehitaji kumchunguza kwa darubini hayuko mbali kiasi hicho. Tatizo ni kwamba yuko nyuma ya vichaka na mwanga bado ni hafifu.

Tunachunguza nini? Sheria inaruhusu ndege mwenye ndevu tu, yaani lile fungu la manyoya membamba kama singa linaloning'inia kifuani. Dume aliyekomaa kwa kawaida ana ndevu za sentimita 20 au zaidi, na anapoutandaza mkia, ncha za manyoya zote hulingana. Dume mchanga ana ndevu fupi, na manyoya ya katikati ya mkia wake yameyazidi yale ya pembeni. Baadhi ya majike nao huota ndevu, kwa hiyo ni lazima ukione na kichwa, ambacho kwa dume huwa na rangi nyekundu, nyeupe na samawati, na kwa jike huwa cha kijivu kinachoelekea samawati.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote, nanyi naomba mlisikie vizuri. Kitu chekundu kinachosogea kati ya majani kinaweza kuwa kichwa cha dume, na kinaweza pia kuwa nguo ya mwindaji mwenzako aliyejificha na anayeiga sauti ya jike kama wewe. Watu wamepigwa risasi katika misitu ya Marekani kwa kudhaniwa kuwa bata mzinga. Ndiyo maana hatuchungulii kwa lenzi iliyofungwa juu ya bunduki, kwani kufanya hivyo ni kukielekezea mtutu kitu ambacho bado hujakitambua. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kusema kwamba kila mmoja wetu awe na darubini, hata kama ni ya bei ya wastani.

Sasa tuje kwenye namba. Darubini iliyoandikwa 8x25 hukuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 25. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni: 10x25 inakupa milimita 2.5, 8x25 inakupa 3.1, 8x32 inakupa 4, na 8x42 inakupa zaidi kidogo ya 5. Mchana mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3, na kwa hiyo dukani, chini ya taa kali, darubini hizi zote huonekana kuwa na mwanga sawa. Alfajiri mboni hupanuka, na kwa vijana huweza kupita milimita 5, ingawa kadiri umri unavyosonga upanukaji huo hupungua. Saa zetu za kuwinda huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na hapo ndipo 10x25 humwangusha mwenyewe: inamwonyesha umbo jeusi lililokuzwa, bila ndevu wala rangi ya kichwa.

Ukuzaji wa mara 10 una hasara nyingine, nayo ni kwamba hukuza pia mtikisiko wa mkono. Mara nyingi tunashika darubini kwa mkono mmoja, kiwiko kimetulia juu ya goti, huku bunduki ikiwa mapajani. Kwa mara 8 picha hutulia, na eneo linaloonekana kwa kawaida ni pana zaidi, hivyo unampata ndege upesi bila kuizungusha darubini huku na huku mbele ya macho yake makali.

Kuhusu vioo, jueni kwamba uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso hizo ni nyingi. Tafuta ile ambayo lenzi zake zote zimepakwa tabaka kadhaa za kuzuia mwanga usirudi nyuma, na uepuke zile za lenzi nyekundu zinazong'aa, maana zinapoteza mwanga tunaouhitaji. Liko pia jaribio rahisi la dukani: ishike darubini sentimita 30 hivi kutoka usoni, ielekeze dirishani (kamwe si kwenye jua), kisha tazama vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za jichoni. Vikiwa mviringo safi, ni dalili njema. Vikiwa vimekatwa kingo kwa kivuli cha kijivu, prizimu za ndani (vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga) zinakula mwanga, na mimi ningeirudisha kabatini.

Anayevaa miwani ahakikishe anaona picha nzima akiwa nayo usoni, jambo linalohitaji nafasi ya milimita 15 au zaidi kutoka lenzi hadi jichoni. Darubini iwe isiyoingia maji. Zile za kubadilisha ukuzaji ziacheni.

Kwangu mimi, 8x32 ndilo chaguo la kwanza, kwa kuwa mwanga wake unastahili gramu 200 hivi za ziada. Anayepanda milima siku nzima na kuhesabu kila gramu achukue 8x25 yenye vioo vizuri. Zeiss Terra ED Pocket, kwa mfano, ina gramu 310 tu. Asichukue 8x25 ya bei rahisi kabisa, kwani katika udogo huo kioo kibaya hakina pa kujificha.

Ukishaketi chini ya mti, usingoje ndege afike ndipo uanze kuzungusha gurudumu la kurekebisha picha. Irekebishe darubini mapema kwa kutazama shina lililo umbali unaotarajia atokee, iache kifuani kwa mkanda mfupi usio na kifungo kinacholia, na uinue pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya mti, au anapokugeuzia mgongo akiwa ameutandaza mkia, kwa sababu wakati huo mkia wenyewe unamziba asikuone.