Fangasi wa Ngozi: Hawaletwi na Uchafu

Ndugu wasikilizaji, kuna mtu anaoga mara mbili kwa siku na bado ngozi katikati ya vidole vya miguu inambanduka. Uchafu haumo. Anavaa soksi kabla vidole havijakauka, na fangasi hutaka unyevu na joto tu.

Tunaposema "fangasi" tunachanganya viumbe wa aina tatu. Dermatofaiti hula keratini, ile protini ngumu ya ngozi ya juu, nywele na kucha. Hao ndio wanaoleta choa, mapunye na fangasi wa kinena. Huambukizwa kwa kugusana, kwa taulo, kitana, sakafu ya bafu la pamoja, hata kwa paka na mbwa. Malasezia hatuambukizwi na mtu: anaishi kwenye ngozi zetu akila mafuta yake, na joto na jasho vikizidi huacha mabaka kifuani na mgongoni. Kandida hukaa kwenye mikunjo: chini ya matiti, kinenani, ndani ya nepi ya mtoto. Akirudi mara kwa mara kwa mtu mzima, mpime sukari. Muulize pia kama ametumia antibiotiki karibuni.

Kinachotuharibia kazi zaidi ni krimu zenye steroidi, dawa za kutuliza muwasho na uvimbe. Muwasho unazimika ndani ya siku chache, mgonjwa anafurahi, kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi wanatanuka. Duara la choa linapoteza ukingo wake, hata daktari hulitazama asilitambue. Someni maandishi ya tyubu: steroidi kama betamethasoni au klobetasoli zisipakwe kwenye choa.

Choa cha mwilini kipakwe klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, mara mbili kwa siku, kuvuka ukingo kwa sentimita 2 hivi, na kuendelea wiki 2 baada ya alama kupotea. Wengi huacha muwasho ukiisha, fangasi wakiwa hai.

Kwa mapunye, krimu haifui dafu. Vimelea vimo ndani ya unywele wenyewe. Daktari huandika griseofulvini ya kumeza, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri.

Mabaka ya Malasezia huweza kubaki meupe miezi kadhaa baada ya tiba. Yakwangue taratibu: yasipotoa unga, usiongeze dawa, subiri rangi irudi.