Mzio wa kontrasti: swali la kamba, saa za vidonge na adrenalini ya mezani

Wauguzi na wataalamu wa radiolojia, karibuni Lindi. Nianze na swali ambalo bado linaulizwa kabla ya CT scan: "Una aleji ya kamba au pweza?" Tuliache. Kinachomwasha mla kamba ni protini iitwayo tropomiosini, si madini joto (iodini) yaliyomo kwenye kontrasti, dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri. Ukilishikilia swali hilo pwani hii, utawamezesha steroidi, dawa ya kukinga mzio, watu wasioihitaji na wengine utawanyima kipimo bure.

Ulizeni hivi: umewahi kuchomwa dawa ya kontrasti? Ilikuwaje? Aliyetoka vipele, kuvimba uso au kubanwa kifua, hatari yake ni takriban mara 5 ya wengine. Ila joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, au mkono kuvimba kwa sababu dawa ilivuja nje ya mshipa, hayo si mzio, na steroidi haiyazuii. Naye aliyepata mzio wa gadolini, kontrasti ya MRI, hahitaji dawa za kinga kabla ya CT kwa sababu hiyo. Ni makundi tofauti ya dawa.

Mzio ukithibitika, msikimbilie vidonge. Kwanza, je, ultrasaundi au CT bila kontrasti inatosha? Haitoshi, badilisheni dawa ya kontrasti. Aliyedhurika kwa iohexol apewe iopamidol kuliko iodixanol, kwani iohexol na iodixanol zina minyororo ya pembeni inayofanana. Mimi nalipa badiliko hili uzito kuliko steroidi.

Sasa vidonge, kwa mtu mzima, daktari akishaagiza. Prednisoloni miligramu 50 masaa 13, masaa 7 na saa moja kabla ya kipimo, na difenihidramini, dawa ya aleji, miligramu 50 saa moja kabla. Ikikosekana, setirizini miligramu 10. Kidonge cha prednisoloni kikiwa cha miligramu 5, dozi moja ni vidonge 10, jumla 30. Andikeni idadi hiyo waziwazi, maana mtu aliyezoea 1×3 atameza kimoja kimoja na kinga itakuwa jina tu.

Kipimo kikiwa saa 5 asubuhi, dozi ni saa 4 usiku, saa 10 alfajiri na saa 4 asubuhi. Anayetoka Liwale alale mjini. Mwezi wa Ramadhani dozi ya saa 4 asubuhi ndiyo rahisi kurukwa. Zungumzeni naye mapema. Mwenye kisukari sukari itapanda, apimwe. Na difenihidramini inalewesha usingizi: asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani.

Kwa nini masaa yote hayo? Steroidi hufanya kazi kwa kubadili utendaji wa seli, na hilo halifanyiki mgonjwa akiwa mlangoni. Utafiti wa Lasser na wenzake wa 1987 ulionyesha dozi moja masaa mawili kabla haikusaidia. Kwa dharura, haidrokotisoni (steroidi ya sindano) miligramu 200 ndani ya mshipa mara moja, kisha kila baada ya masaa 4 hadi kipimo, na difenihidramini saa moja kabla. Chini ya masaa 4 msijidanganye kwamba mmekinga. Daktari apime kama kusubiri ni hatari kuliko mzio.

Hata kinga iliyokamilika hupenywa. Kwa hiyo kanula (mpira wa mshipani) ibaki mkononi dakika 30 baada ya dawa, na adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita iwe mezani, si kabatini kwenye kufuli. Akibanwa pumzi au presha ikishuka: miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, alazwe miguu juu (anayehema kwa shida aketi), oksijeni, maji ya mshipa. Rudieni baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kuanza na haidrokotisoni hapo ni kupoteza dakika za mgonjwa.

Mwisho ni kadi yake. "Aleji ya CT" haimsaidii atakayempokea kesho hospitali ya Ligula au Ndanda. Andikeni jina la dawa, kiasi, dalili, zilianza dakika ya ngapi, na alitibiwa kwa dawa gani.