Meza ya puli itoke grosari iingie kanisani

Oya familia ya Dar, habari za huko, leo niko Chorlton hapa Manchester, ngoja nigeuze kamera mlione hili jengo. Lilijengwa 1907 kwa ajili ya biliadi, babu yake puli yetu, ila humo ndani pombe ilikuwa marufuku kabisa. Kuna kampuni ilianzishwa 1906 kujenga kumbi za hivi, ilitoka kwenye zile harakati za kuacha pombe ambazo Wamethodisti na wenzao walizibeba sana, na hesabu yao ilikuwa nyepesi tu: kijana anaenda baa kwa sababu meza iko baa, sasa ukiihamisha meza na yeye atahama. Anacheza, anakunywa chai, anarudi kwao na hela yake mfukoni.

Na kabla ya hapo wahubiri walikuwa wanaipiga vita biliadi, wanaiweka kapu moja na kamari na ulevi. Wakati huohuo kule Roma Papa Pius IX, yule wa 1846 mpaka 1878, alikuwa anacheza mwenyewe! Kwa hiyo fimbo na mipira havikuwa na dhambi, shida ilikuwa mazingira.

Mimi jamani hili linanigusa. Pale Tandika nilikuwa kwaya ya vijana, siku moja mzee wa kanisa akanikuta grosari nimeinama napiga nyeusi, mkononi nina soda, wallahi soda ya machungwa, Jumapili iliyofuata nikatolewa kwaya mbele za watu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nakunywa nini wala nacheza na nani. Nikaacha kwenda kanisani miaka minne, na grosari ndio nikahamia moja kwa moja, bia nilianzia hapo.

Huku parokia ninayosali kuna meza ukumbini, kitambaa kimechanika pembeni wamekibandika, Alhamisi jioni wazee wanawafundisha madogo kushika fimbo, kidole gumba hivi, unaona, halafu taratibu. Hakuna anayeweka hela mezani. Padri mwenyewe anapiga, na anapiga vizuri.

Wachungaji wetu, mapadri wetu, nawaomba sana. Nyuma ya kanisa letu pale Tandika kuna ukumbi una viti vya plastiki vimepangwa mpaka juu, Jumatatu mpaka Ijumaa kufuli. Meza ya mtumba nitachangia mimi, nishaongea na mwenyekiti wa vijana. Mdogo wangu ana miaka kumi na saba na saa hizi ninavyorekodi yuko grosari.