Gawanya kwa nane: hesabu ya kasi, kutoka modemu ya simu hadi faiba

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na vijana, habari za asubuhi.

Naanza na herufi moja. Nimeiandika ubaoni mara mbili: b ndogo, halafu B kubwa. Ndogo ni biti, kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti nane. Malalamiko mengi ninayoletewa hapa Kigoma kuhusu faiba, ile intaneti ya waya wa kioo, yanaanzia kwenye herufi hiyo.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilipofungiwa faiba pale Mwanga nililipia megabiti 10 kwa sekunde. Nikapakua faili la kwanza, kompyuta ikaandika 1.2 MB, yaani megabaiti, kwa sekunde. Nilikasirika, nikaenda ofisini kwao nikiwa na picha ya kioo kwenye simu. Kijana wa mapokezi akaniambia nizime ruta, nisubiri, niwashe tena. Hilo liliniuma, maana jibu lilikuwa fupi: 10 gawanya kwa 8 ni 1.25. Kile kidogo kilichopungua ni anwani na alama za ukaguzi ambazo kila kipande cha data husafiri nazo. Sikuwa nimepunjwa. Lakini mteja anastahili kuonyeshwa hesabu hiyo siku anapotia saini, asiachwe aende kulalamika.

Ninyi mnaouza mawese mnalijua jambo hili. Ukiuliza mashine fulani inakamua kiasi gani kwa siku ukajibiwa "arobaini", utauliza tena: lita arobaini au madumu arobaini? Dumu ni lita 20, kwa hiyo tofauti si ndogo. Wauzaji wa intaneti wanatangaza kwa lita, kompyuta yako inasoma kwa madumu.

Sasa turudi nyuma. Modemu ya kupiga simu, kifaa cha zamani cha kuingilia intaneti, ilichomekwa kwenye waya wa simu ya mezani, ikapiga namba kama mtu, ikatoa ile milio ya kukwaruza, na muda wote huo hakuna wa kupiga simu nyumbani. Kasi yake ya mwisho ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, kwa kiwango cha V.90 cha mwaka 1998. Hiyo ni ya kupokea. Kutuma ilikuwa 33.6.

Kwa nini 56, isiwe 60? Hapa mnivumilie kidogo, ni mahali ninapopapenda. Mitambo ya simu ya kidijiti huipima sauti yako mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha: 64,000. Ila kelele za laini hazikuruhusu biti zote nane zisomeke kwa uhakika. Zikabaki saba, na 8,000 mara 7 ni 56,000. Kwa hiyo modemu ilikuwa inabanwa na njia iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu.

Kuna neno jingine mtalikuta kwenye modemu za zamani zaidi: baudi, kutokana na jina la Mfaransa Émile Baudot. Msiligeuze kuwa biti kwa kubahatisha. Baudi huhesabu alama zinazotumwa kwa sekunde, na alama moja inaweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilituma alama 600 tu, kila moja na biti nne.

Tufanye hesabu yenyewe. Biti 56,000 gawanya kwa 8 ni baiti 7,000, yaani KB 7 kwa sekunde. Faiba ya megabiti 20, yaani biti milioni 20, ni MB 2.5 kwa sekunde. Ukitaka kuzilinganisha, ziweke kwanza kwenye kipimo kimoja: 20,000,000 kwa 56,000, unapata kama 357. Wimbo wa MB 5 kwa modemu ni karibu dakika 12. Kwa faiba hiyo, sekunde mbili. Kwenye kasi, kilo ni 1,000 kamili. Ile 1,024 mnayoisikia ni ya baadhi ya kompyuta zinapopima ukubwa wa faili.

Ndiyo, mwalimu, uliza. Video za masomo za GB 4, na shule ina megabiti 10? Njoo ubaoni tuandike pamoja. GB 4 ni MB 4,000. Gawanya kwa 1.25: sekunde 3,200, dakika 53 na ushee. Weka saa nzima ili usibanwe. Kwa modemu, gawanya KB 4,000,000 kwa 7: ni zaidi ya siku sita na nusu, usiku na mchana, laini isikatike. Ungempa abiria flashi pale Dar es Salaam apande treni ya Reli ya Kati, angeteremka Kigoma na mizigo yake yote modemu ikiwa haijafika nusu.