Saa ya Dozi, Saa ya Damu: Kupima Viwango vya Dawa

Wauguzi, matabibu na wenzangu wa maabara, nawashukuru kwa kuniita hapa Kisumu.

Nitaanza na fomu. Sote tumepokea fomu iliyoandikwa jina la mgonjwa na neno "digoksini", yaani dawa ya moyo, basi; saa ya dozi na saa ya kutoa damu hazimo. Mgonjwa mwenyewe huenda alitoka Bondo alfajiri, akameza kidonge kabla ya kupanda matatu, na ilipofika saa tatu asubuhi damu yake ikawa imo chupani. Digoksini huhitaji angalau muda wa saa sita kutoka damuni na kuingia katika misuli, ukiwemo moyo wenyewe. Damu ikitolewa kabla ya hapo, namba husomeka juu ingawa mgonjwa hana dhara lolote, na tabibu mwenye haraka hupunguza dozi iliyokuwa ikimfaa. Lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, nayo hupimwa zikishapita saa kumi na mbili tangu dozi ya mwisho. Tena msiiweke damu hiyo katika chupa yenye heparini ya lithiamu, kizuia-kuganda kwa damu chenye lithiamu ndani yake, kwani hapo mtakuwa mnaipima chupa, si mgonjwa.

Dawa inayonisumbua zaidi ni fenitoini ya kifafa. Kiwango chake kinachokubalika ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita, lakini takriban asilimia 90 ya dawa hiyo hushikamana na protini za damu, hasa albumini, na ile kidogo iliyobaki huru ndiyo inayofika kwenye ubongo. Chukueni mgonjwa aliyedhoofika kwa utapiamlo, albumini yake imeshuka hadi gramu 20 kwa lita, na maabara inaripoti fenitoini 8. Karatasi inasema dawa haitoshi. Mkirekebisha hesabu kwa kuzingatia albumini, hiyo 8 ni sawa na 16 kwa mtu mwenye protini za kawaida, yaani dawa inamtosha kabisa. Mkimwongezea dozi, atarudi akipepesuka na macho yakichezacheza, na jirani watasema amelewa. Isitoshe, ini huzidiwa na fenitoini mapema: kutoka miligramu 300 hadi 400 kwa siku ni theluthi moja tu ya nyongeza, ilhali kiwango damuni kinaweza kupanda maradufu au zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi yuko hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huzuia ini lisiivunje fenitoini.

Kuhusu fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, sina mengi. Hupungua kwa nusu kwa takriban siku nne, hivyo saa ya kutoa damu haina uzito mkubwa; kinachohitajika ni subira, kwa sababu dozi ikibadilishwa kiwango hakitulii mpaka zipite kama wiki tatu. Kumwita mgonjwa kutoka Siaya siku ya tano ni kumtoza nauli kwa ajili ya namba ambayo bado inapanda.