Kidonda cha Kitandani Kilivyowafundisha Wauguzi Kupima

Ndugu wauguzi, walimu na wanafunzi, habari za mchana.

Historia ya utafiti na nadharia za uuguzi mara nyingi husomeshwa kama orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Leo orodha tuiweke kando, tufuate kidonda kimoja tu: kile cha mgonjwa aliyelala siku nyingi, kinachoanzia chini ya mgongo au kisiginoni. Hakuna aliyefanya kazi wodini asiyeijua harufu yake.

Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, aliandika mwaka 1859, katika kitabu chake Notes on Nursing, kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kitandani, kwa kawaida kosa si la ugonjwa bali la uuguzi. Wengi husikia lawama hapo. Mimi nasikia hoja ya mtu wa takwimu: kosa la uuguzi linahesabika, na linarekebishika. Huyu ndiye aliyekuwa amechora vifo vya askari wa vita vya Crimea kwenye michoro ya duara, wakubwa waone kwamba maradhi yanayozuilika yaliua wengi kuliko majeraha ya vita. Lakini Paris, daktari Charcot alishikilia kwamba kidonda hutokana na kuharibika kwa mfumo wa fahamu. Ukikubali hivyo, muuguzi hana la kufanya.

Baada ya hapo ukimya ukawa mrefu. Hata jarida la Nursing Research lilipoanzishwa Marekani mwaka 1952, tafiti nyingi za wakati ule ziliwahusu wauguzi wenyewe: idadi yao, masomo yao, mgawanyo wa kazi zao. Mgonjwa alisubiri. Wodini kazi iliendelea kwa mazoea: matako na visigino vilisuguliwa kwa sabuni, kisha spiriti, kisha poda. Spiriti hukausha ngozi. Kusugua juu ya mfupa huumiza zaidi mishipa midogo ya damu ambayo tayari imebanwa na uzito wa mwili. Na ule mpira wa duara wa kukalia, wenye tundu katikati, huhamishia mgandamizo kwenye ukingo wake, hivyo damu haifiki katikati.

Aliyegeuza mambo Uingereza ni muuguzi Doreen Norton. Mwaka 1962, yeye na wenzake McLaren na Exton-Smith walitoa utafiti kuhusu uuguzi wa wazee hospitalini. Ndani yake mna kipimo chenye vipengele vitano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kuzuia haja. Kila kipengele hupewa alama 1 hadi 4, na 4 ndiyo nzuri. Jumla ni kati ya 5 na 20. Mwenye 14 kushuka chini yuko hatarini. Chukueni bibi aliyevunjika nyonga: mwili 3, akili 4, kutembea 1, kujigeuza 2, haja 2. Jumla 12. Anaongea vizuri, anacheka na wageni, na kwa sababu hiyo hiyo zamu ya usiku humsahau. Karatasi haimsahau.

Hata hivyo, Norton alikuwa na orodha iliyotokana na uzoefu. Lishe haina kipengele chake, na msuguano haumo. Hapo ndipo nadharia inapoingia, na hapa nitasema wazi: nadharia kubwa za miaka ya 1970, kama ile ya muuguzi Mmarekani Martha Rogers ya binadamu kama uwanja wa nishati, hazimwambii muuguzi amgeuze nani kwanza. Nadharia ndogo, inayoeleza tatizo moja tu, humwambia. Wauguzi wa Marekani Barbara Braden na Nancy Bergstrom walianza na swali: kidonda kinatokeaje? Wakajibu kwa mambo mawili, ukali na muda wa mgandamizo, halafu uwezo wa ngozi kuuvumilia. Kwenye mgandamizo wakaweka hisia, kutembea na kujigeuza. Kwenye uvumilivu wakaweka unyevu, lishe, na msuguano pamoja na kuvutana kwa ngozi. Kipimo chao cha mwaka 1987 kina alama 6 hadi 23, na 18 kushuka chini ni hatari. Faida yake ni kwamba alama ikishuka, unajua imeshuka wapi. Lishe 1? Jikoni kwanza, kabla ya godoro.

Na ile desturi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili? Ilitumika sana kabla haijapimwa vizuri. Mwaka 2005 Ubelgiji, Defloor na wenzake waliona kwamba kugeuza kila saa nne juu ya godoro maalumu la sponji kulileta vidonda vichache kuliko kila saa mbili juu ya godoro la kawaida. Mwaka 2013 Bergstrom na wenzake walifuatilia wazee 942 Marekani na Kanada. Kati ya saa mbili, tatu na nne hawakukuta tofauti ya maana. Tafadhali msikimbilie saa nne. Wote 942 walilalia sponji nzito ya kiwango cha juu. Lile godoro letu jembamba, lililobonyea katikati hadi unagusa chuma, halikuwemo kwenye utafiti huo.

Kasoro moja inatuhusu sisi moja kwa moja. Hatua ya kwanza ya kidonda ilielezwa kama wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na tunakuja kushtuka ngozi imekwishachubuka. Kwa hiyo fungua dirisha upate mwanga wa mchana, weka mgongo wa mkono juu ya mfupa, kisha sogeza kwenye ngozi ya jirani. Linganisha joto, ugumu na rangi, umuulize mgonjwa kama panauma. Kwenye faili usiandike “hakuna wekundu”. Andika ulichogusa: pana joto, pagumu kuliko pembeni, saa ngapi, na umemlaza upande gani.